Mtoto Aliyeuzwa Hekaluni (Sehemu ya Tisa)

Njiri. Njiri. Njiri.

Nguyet alizisikia kabla hajaona kitu. Kengele mbili ndogo za fedha, zile za kwenye kikuku cha mtoto, zilikuwa zinalia nyuma ya ukuta, upande wa ngazi. Akatega sikio. Haziji. Zinashuka.

"Khiem! Wanamchukua!"

Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, tai imelegea, macho yameganda kwenye mlango uliofungwa.

Unakumbuka tulipowaacha, msomaji? Mhuri ulikuwa juu! Meza imetandikwa kitambaa chekundu, maua yamepangwa, na Bwana Trac, afisa wa sheria wa mkoa, alibakiza kushusha mkono tu. Mkono ule ungeshuka, mtoto wa miezi kumi na minne angekuwa mwana halali wa Nguyet na Khiem, Wavietnamu hawa wawili waliohamia Warsaw miaka ishirini iliyopita na sasa wamerudi kama wageni kuomba mtoto katika nchi yao wenyewe.

Ndipo karatasi ya manjano ikachomoka kwenye faili, kati ya kadi za chanjo, ikaanguka sakafuni mbele ya watu wote. Bwana Trac akaiokota. Akaisoma. Mkono wa mhuri ukashuka polepole, lakini pembeni.

"Tokeni nje nyote," akasema.

Basi wako nje. Na kengele zinashuka.

Nguyet alivua viatu vyake vya kisigino, akavitupa chini ya benchi, akateremka mbio miguu mitupu.

Alimkuta Mama Nhan uani, kando ya gari la kituo cha watoto. Mama Nhan alikuwa mlezi wa pale kituoni kwa miaka thelathini, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na mtoto alikuwa amekaa kiunoni mwake kama amezaliwa hapo.

"Mama Nhan, unampeleka wapi mwanangu?"

"Nimeambiwa nimrudishe kituoni, mama." Hakumtazama. "Mimi ni mtu wa kuagizwa."

"Lakini nguo zake ziko hotelini! Kitanda chake kiko Warsaw!"

"Kitanda kitangoja."

Mtoto akaanza kunung'unika. Kwenye faili aliitwa Phuc An, jina la heri na amani, lakini kituoni hakuna aliyethubutu kulitamka. Mtoto akiitwa vizuri, pepo wasioonekana humtamani. Wao walimwita Cun, yaani Kijibwa, na Kijibwa aliitikia. Mama Nhan akamtikisa, akamwimbia kwa sauti ya chini:

*Lala we kijibwa lala,*
*bata wamelala pia,*
*mama kaenda mashamba,*
*mpunga umemjaa.*

"Usimwimbie hivyo," Nguyet alisema. "Mama yake hajaenda mashamba. Mimi niko hapa."

Mama Nhan akaacha kuimba. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Mama Nhan? Kuna nini kwenye ile karatasi?"

Kabla hajajibu, dirisha la ghorofa ya pili likafunguka kwa kishindo. Bwana Trac akatoa kichwa.

"Mama Nhan! Panda juu! Na mtoto! Na huyo mama wa Ulaya asiye na viatu!"

Matumaini ni kitu cha ajabu. Nguyet alizipanda ngazi zile akicheka.

* * *

Karatasi ilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa chekundu. Imeandikwa kwa mkono, ina mhuri wa hekalu, na harufu ya ubani bado haijaitoka.

"Kaka Trac," Khiem alianza, "hii ni karatasi ya hekalu tu. Mtoto alikuwa mgonjwa, wakamuuza kwa jina tu kwa Mlinzi wa Hekalu, yule mungu wa pale, ili apone. Kila mtu anafanya. Hata mimi niliuzwa."

"Kaka, unanifundisha?" Bwana Trac alivua miwani. "Mwanangu mwenyewe nilimuuza alipokuwa na miezi minane. Alikuwa hapati usingizi, halii, ananitazama tu. Nikamuuza kwa Mlinzi, na leo anakula mabakuli matatu ya wali. Kuuza si tatizo. Tatizo ni muuzaji."

Akaweka kidole chini ya karatasi.

"Anayeuza ni mzazi. Ndiyo kanuni. Soma hapa. 'Mimi, Thoa, mama mzazi wa mtoto huyu, namtoa kwa Mlinzi awe mwana wake mpaka atimize miaka kumi na miwili.' Kuna jina. Kuna kijiji. Kuna alama ya dole gumba." Akageukia faili. "Na huku faili langu linasema nini? Mtoto ameokotwa. Mama hajulikani. Tangazo limesomwa redioni, limebandikwa, hakujitokeza mtu. Sasa nambieni. Asiyejulikana ameweka dole gumba vipi?"

Wote wakamgeukia Mama Nhan.

Mama Nhan alikohoa.

"Alikuwa na degedege, bwana. Mara tatu kwa wiki. Daktari kampa dawa, degedege linarudi. Nikajua huyu hana mwenyewe, ndiyo maana anachezewa na wasioonekana. Nikaenda kwa mtunza hekalu. Akaniuliza, muuzaji nani? Nikasema mimi. Akasema, wewe ni mama yake? Mbele ya madhabahu, bwana! Ningesema ndiyo?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikamleta mwenye ndiyo, na tangu siku hiyo degedege halijarudi."

"Ulimjua!" Nguyet alisema.

"Alikuwa anasimama nje ya uzio wa kituo kila Jumapili. Kila Jumapili, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Mtu anayesimama hivyo unamuuliza ni nani?"

"Na mimi je?" Bwana Trac alipiga meza, maua yakaruka. "Nilikuja kituoni nikakuuliza kwa mdomo wangu, Mama Nhan, kuna ndugu wa huyu mtoto? Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu hakuna."

"Yaani serikali unaidanganya mchana kweupe, Mlinzi unamwogopa!"

"Wewe huponyi degedege, bwana," Mama Nhan alisema, kwa heshima kabisa.

Bwana Trac akaigongagonga karatasi kwa kidole.

"Na karatasi ilifikaje kwenye faili langu?"

"Nimeiweka mimi. Akitimiza kumi na miwili lazima akombolewe kwa karatasi hiyo hiyo. Asipokombolewa, atakuwa wa nani? Niliona wanakwenda naye huko kwenye theluji, nikasema isafiri naye. Kati ya kadi za chanjo hakipotei kitu." Machozi yakamtoka. "Sikujua mtazisoma zote."

Khiem alisogea karibu na meza. Alishusha sauti, akatumia ile ya kupatana bei sokoni.

"Kaka Trac. Sote hapa tunampenda mtoto. Kiwaraka kimoja. Chana tu. Tumeona kitu gani? Hatujaona kitu."

Bwana Trac alivaa tena miwani.

"Nichane karatasi ya Mlinzi?"

"Ndiyo."

Afisa akaichukua kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Chana wewe, kaka. Wewe umekaa Ulaya miaka ishirini. Huko hawaogopi vitu hivi."

Khiem akaipokea. Akaishika huku na huku. Nguyet aliona vidole gumba vya mumewe vikijipanga, na moyoni mwake, Mungu amsamehe, alipiga kelele: chana! chana! Akaona jasho likimtoka Khiem kwenye nywele. Akakumbuka kwamba mtoto alikuwa na degedege, na kwamba tangu siku ya karatasi hii halijarudi.

Sekunde kumi. Ishirini.

Khiem akairudisha mezani, akaipangusa kwa kiganja kama anaiomba radhi.

"Nilidhani hivyo," alisema Bwana Trac.

* * *

Sasa sikiliza hesabu yao ilivyokaa. Uamuzi wa kuwapa mtoto ulikuwa na uhai wa siku sitini. Wangekuja mapema, lakini Khiem alifanyiwa upasuaji wa nyongo, akalala hospitali, siku zikala siku. Leo ni ya hamsini na tisa.

"Mama mzazi akijulikana, lazima aridhie mwenyewe, hapa, mbele yangu," Bwana Trac alisema. "Kesho ofisi ikifungwa bila saini yake, uamuzi umekufa. Mtoto anarudi kwenye orodha, ninyi mnarudi kwenye foleni."

"Foleni ya kwanza ilikuwa miaka minne," Nguyet alisema. "Nina miaka arobaini na nne, bwana. Mnaihesabu miaka yangu?"

"Mama, mimi sikuweka sheria."

"Huyo Thoa yuko wapi? Yuko Saigon? Yuko nje ya nchi? Nambieni niende hata kwa miguu!"

Mama Nhan alipangusa pua kwa mkono wa blauzi.

"Hayuko mbali," alisema. Akaelekeza kidevu dirishani. "Nilimwambia leo ndiyo siku. Akasema anataka kumwona akipanda gari tu. Amekaa pale kwa muuza chai tangu asubuhi."

Nguyet alikwenda dirishani. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa bluu, muuza chai alikuwa anavunja barafu. Kwenye vigoda vya plastiki kulikuwa na mteja mmoja tu, mwanamke aliyejifunika kwa jua kama wanavyojifunika wote: barakoa ya kitambaa mpaka chini ya macho, koti la maua, kofia ya koti kichwani.

Nguyet akashika fremu ya dirisha.

Alimjua. Saa sita mchana, kabla ya kuja kuidhinishiwa mtoto, aliketi kigoda cha jirani na mwanamke yule. Kwa furaha alishindwa kunyamaza. Alimkatia kashata ya karanga, akamwonyesha picha za Kijibwa kwenye simu, akatoa mkobani viatu vipya vya manyoya.

"Havitamwingia, dada," mwanamke alisema nyuma ya barakoa. "Mguu wake mnene."

"Umeujuaje mguu wake?" Nguyet alicheka.

"Si nimeuona kwenye picha."

Nguyet alikuwa amemwonyesha viatu aliyeuzaa mguu wenyewe!

"Mwite," alimwambia Bwana Trac.

"Kwa kosa gani? Kunywa chai?" Afisa alitikisa kichwa. "Akija kwa hiari yake, nitaandika. Siwezi kumburuta mtu."

"Nguyet, usiende," Khiem alisema. "Akikuona unavyomlilia, naye atamtaka mtoto wake. Mwache Mama Nhan aende."

Lakini Nguyet alishafika mlangoni.

* * *

Pikipiki zilimpita huku na huku, dereva mmoja akamtukana kwa kuvuka peku kama kichaa. Mwanamke wa koti la maua alimwona anakuja, akasimama, kigoda kikaanguka. Halafu akakosa pa kukimbilia.

"Thoa."

Mwanamke akashusha barakoa. Lo! Kumbe ni binti mdogo, hata miaka ishirini na mbili hajafika. Ana kidevu cha Kijibwa. Kidevu kile kile chenye kishimo.

"Sikuja kukuharibia, dada. Naapa sikuja kudai kitu. Nikimwona anapanda gari, naingia zamu ya usiku kiwandani, basi."

"Karatasi ya hekalu imeonekana. Wanataka saini yako."

"Nitafungwa?"

"Hufungwi. Kaa, mdogo wangu. Kaa kidogo."

Wakakaa. Muuza chai, mwenye masikio makubwa kuliko mwavuli wake, aliacha kuvunja barafu.

"Baba yake alikwenda kazini Taiwan," Thoa alisema bila kuulizwa. "Namba ya simu ikafa. Mama yangu akaniambia, mlango ni mmoja, uingie wewe au aingie yeye. Kiwandani tunalala wanane chumba kimoja. Ningemweka wapi, kwenye sanduku la uzi?" Alivuta pumzi. "Nikisaini itakuwaje?"

"Tutaondoka naye."

"Na nisiposaini?"

Hapo, msomaji, uongo ulikuja mpaka kwenye meno ya Nguyet. Angesema lolote. Angesema utafungwa. Angesema mtoto atatupwa. Binti angesadiki kila neno. Nguyet alimtazama kishimo cha kidevu, uongo ukarudi ulikotoka.

"Tutaondoka bila yeye," alisema.

Thoa alimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja, akakiweka kikombe chini.

"Haya, twende."

* * *

Bwana Trac aliandaa fomu, akaisoma kwa sauti kavu.

"Binti, ukisaini huna mtoto. Si leo, si Mwaka Mpya, si siku utakapoolewa na kupata nyumba. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kuna aliyekulazimisha? Huyu? Huyu?"

"Hakuna."

"Kuna aliyekupa kitu?"

Thoa alifikiri. "Kashata," alisema.

Hata Mama Nhan alicheka. Nguyet peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama kalamu.

Thoa aliishika kalamu. Akainama. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Akaandika ya pili. Nguyet alisikia wino ukikwaruza karatasi, akamshika Khiem mkono mpaka kucha zikamwingia.

Kalamu ikasimama.

"Naomba nimpakate kidogo," Thoa alisema. "Tangu hekaluni sijampakata."

Khiem alimtazama afisa kwa macho ya kuomba: kataa, kaka, kataa.

"Haijakatazwa," Bwana Trac alisema.

Mama Nhan akampa. Kijibwa akamwangalia mgeni huyu, midomo ikapinda, akaangua kilio, akanyoosha mikono yote miwili. Hakumnyooshea aliyemzaa. Hakumnyooshea aliyevuka mabara kumfuata. Alimnyooshea Mama Nhan.

"Hanijui," Thoa alisema. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Kanenepa, ananukia maziwa, na hanijui!"

Nguyet aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Mtoto alilia mpaka kwikwi zikamshika. Hik! Hik! Kifua kidogo kinaruka, macho yametoka. Nguyet alifungua mkoba akatafuta chupa ya maji, kitambaa, dawa, akamwaga vyote sakafuni. Alikuwa amesoma vitabu vitatu vya kulea, na hakuna alichokumbuka.

Thoa hakutafuta kitu. Alichana pembe ya karatasi iliyokuwa mbele yake, akailowesha kwa ulimi, akaibandika katikati ya paji la uso wa mtoto.

Ndivyo mama zetu walivyofanya siku zote. Mama yake Nguyet alimfanyia yeye. Alikuwa amesahau.

Hik. Kimya. Kijibwa akapandisha macho juu kutafuta kilichobandikwa, akafanya makengeza, akasahau kulia. Kisha akacheka. Akaushika mdomo wa Thoa kwa mkono mzima.

"Binti!" Bwana Trac alinyanyuka. "Hiyo ni fomu ya serikali!"

Karatasi ya Mlinzi hakuna aliyeweza kuichana. Ya serikali ilikuwa kwenye paji la uso la Kijibwa, imelowa mate.

"Samahani, bwana. Mkono umekwenda wenyewe."

"Haifai tena. Imechanika, ina saini nusu." Alitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja kasoro dakika nne. Chini, askari wa mlangoni alishaanza kufunga mageti. "Ya kupiga chapa upya ni kesho."

"Bwana, dakika nne zinatosha!" Khiem alipiga kelele. "Andika kwa mkono! Nitaandika mimi!"

"Kaka, kaa chini."

"Anaweza kusaini sasa hivi! Muulize! Thoa, mwambie!"

Lakini Thoa hakumsikia. Alikuwa ameweka pua yake kwenye utosi wa mtoto, anavuta pumzi, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mtoto alikuwa ametulia. Kikuku hakikulia.

Nguyet alipiga magoti palepale, juu ya chupa na vitambaa vilivyomwagika, akashika pindo la koti la maua.

"Mdogo wangu," alisema. "Mdogo wangu, niambie kitu."

Thoa akamtazama mtoto. Akamtazama mwanamke aliyepiga magoti, miguu mitupu, myeusi kwa vumbi la barabara. Akainama, akamwinua kwa mkono mmoja, ule usioshika mtoto.

"Dada, hukunidanganya pale kwa muuza chai, nami sitakudanganya," alisema, na wote mle ndani walisikia. "Kesho saa mbili kamili nitakuwa hapa, mbele ya mlango huu. Nakuahidi. Ama utaniona na kalamu, ama utaniona na mbeleko."